Lenzi zipi za kubeba Tibet? Sony A6400, siku 8, Lhasa hadi Rongbuk

Mwanapwani_Chengdu

Wakuu, salaam.

Nipo Chengdu kimasomo. Katikati ya Oktoba naenda Tibet siku 8: treni kutoka Xining hadi Lhasa, siku tatu hapo mjini, halafu gari kupitia ziwa Yamdrok, Gyantse na Shigatse hadi Rongbuk, upande wa kaskazini wa Everest, na kurudi. Wakala ameshaanza kushughulikia kibali.

Kamera ni Sony A6400. Lenzi ni hizi:

Sony 18-135mm f/3.5-5.6 OSS, ninayo.
Sigma 18-50mm f/2.8, ninayo.
Sony 70-350mm G, naweza kuazima.
Sony 200-600mm G, kuna mtu anaikodisha. Hii nawaza kilele cha Everest, na sura za mahujaji kwa mbali ili nisiwasumbue.

Naomba kujua nibebe zipi na niache zipi. Kule ni eneo nyeti kisiasa, vizuizi vya polisi ni vingi, sasa sijui kama lenzi kubwa yenyewe inaweza kuniletea shida hata kama sijapiga kitu kibaya. Na droni ndogo ya chini ya gramu 250 je?

Nawasilisha.

---

Kipimo_Sahihi

Mkuu, tuanze na hiyo 200-600 maana ndiyo itakayokuharibia safari. Ina gramu 2,115 kabla hujaifunga kishikio cha stendi, ni nyeupe, na inaonekana tangu mwanzo wa mtaa. Mwandishi wa habari wa kigeni haingii Tibet kwa kibali cha utalii. Anatakiwa kuwa na ruhusa ya pekee ya serikali, na wakala anaulizwa kazi ya kila mgeni kabla kibali hakijatoka. Sasa wewe umeandikwa mwanafunzi, halafu unashuka kwenye gari na bomba jeupe la nusu mita. Swali litakalozuka hapo ataulizwa mwongoza watalii wako kabla yako.

Na kwa hesabu tu hiyo lenzi huihitaji. Kanuni ni hii: upana wa eneo linaloingia kwenye picha ni umbali, mara 23.5, gawa kwa milimita za lenzi. Hiyo 23.5 ni upana wa sensa ya A6400 kwa milimita. Ukitaka urefu wa kwenda juu weka 15.6.

Everest. Kutoka eneo la Rongbuk hadi kileleni ni km 25 hivi kwa mstari ulionyooka. Tangu 2019 watalii wa kawaida wanaishia karibu na nyumba ya watawa ya Rongbuk, hawasogei hadi kambi ya zamani, kwa hiyo umbali wako ndio huo. Kwa mm 135 unapata kipande cha mlima chenye upana wa mita 4,350 na kimo cha mita 2,900. Uso wote wa juu wa kaskazini unaingia. Kwa mm 70 unaupata mlima mzima tangu bondeni, maana kilele kiko mita 8,849 na wewe umesimama kwenye 5,000, tofauti ni mita 3,850 hivi. Kwa mm 600 unabaki na kipande cha mita 980 hivi, yaani jiwe na theluji ambavyo mtu hawezi hata kutambua ni mlima gani.

Halafu kuna hewa. Jua likishapasha bonde, hewa ya km 25 hucheza kama mazigazi, na kadiri lenzi inavyovuta zaidi ndivyo picha inavyolegea. Kamera imetulia, fokasi iko sawa, shata ni ya kasi, bado mlima unatoka kama umepakwa mafuta. Watu huilaumu lenzi. Dawa ni saa: piga alfajiri au dakika za mwisho kabla ya machweo, wakati piramidi ya juu inapata mwanga mwekundu. Kumbuka China nzima inafuata saa ya Beijing. Katikati ya Oktoba jua la Lhasa linachomoza karibu saa 1:50 asubuhi na kuzama saa 1:20 usiku; Rongbuk ongeza dakika 20 hivi.

Mahujaji kwa mbali: hapa ndipo nakupinga zaidi. Barkhor ni njia ya kuzunguka hekalu la Jokhang, watu wanatembea bega kwa bega. Ili mtu aingie tangu kiunoni hadi kichwani, tuseme upana wa mita moja, kwa mm 600 unatakiwa kusimama mita 25 kutoka kwake. Katikati yenu watapita watu 40. Kwa mm 200 ni mita 8.5. Kwa mm 50 ni mita 2 na kidogo, na huo ni umbali wa kusalimiana. Unasema "tashi delek", salamu ya Kitibet, unaonyesha kamera, unasubiri. Akikataa ameshakataa, unamwacha. Mtu uliyempiga toka mita 25 hajapata nafasi ya kukataa, na katika mji ambao watu wake wanaishi chini ya kamera za ulinzi, nafasi hiyo ni kitu kikubwa.

Jumba la Potala la Lhasa, lile la kwenye noti ya yuan 50, linapigwa toka jukwaa la kilima cha Chakpori, ng'ambo ya barabara. Jumba lina upana wa karibu mita 360. Mm 24 hadi 30 inalimeza lote. Ukitaka madirisha ya jengo jekundu la juu, mm 100 inatosha.

Kwa hiyo 18-135 ikae kwenye kamera safari nzima. Ina gramu 325, nyeusi, fupi, ina kizuia mtikisiko. 70-350 ni lenzi nzuri sana, gramu 625 tu, ila kwa njia unayopita itaishi kwenye begi. Ingefaa kama ungekaa siku kadhaa nyika za Changtang kutafuta swala wa Tibet na punda-mwitu. Kupitia kioo cha treni utawapata kama vidoa.

Droni iache Chengdu. Usiipeleke hata kwa nia ya kutoirusha, maana kwenye mashine ya kukagua mizigo haijielezi kwamba haitarushwa.

---

Nuru_Hafifu

Nakubaliana na Kipimo kuhusu 200-600, ila asiache Sigma.

18-135 ukifika mm 50 tayari umebanwa kwenye f/5 hivi (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo). Sigma hapo bado ni f/2.8. Jioni Barkhor, taa za maduka zimewaka na mbingu bado ya buluu, utakuwa ISO 3200. Kwa f/2.8 unapata shata 1/125. Kwa f/5 mwanga uleule unakupa 1/40. Kizuia mtikisiko cha 18-135 kinatuliza mkono wako, hakimtulizi bibi anayetembea na gurudumu lake la sala. 1/40 ukuta unatoka safi, mtu anatoka kama kivuli. Gramu 290 za Sigma zinalipa deni lake katika saa hiyo moja ya kila siku.

Ila usiibebe kwa matumaini ya vyumba vya ndani vya Potala na Jokhang. Kupiga picha ndani ya Potala ni marufuku, na kwenye vyumba vya sala vya mahekalu mengi vilevile. Mwanga ule wa taa za siagi ambao kila mtu anaununulia lenzi ya f/1.4 upo mahali pasiporuhusiwa kamera. Kuna nyumba za watawa zinazotoza ada ya picha kwa kila chumba. Hapo lipa, omba, na flashi izimwe kabisa. Mapambo ya ukutani ni rangi za karne kadhaa, na watawa wanasali. Kwenye nyumba za chai ukiwa umekaa na wenyeji, f/2.8 na dirisha moja vinatosha.

Tahadhari: A6400 haina kizuia mtikisiko ndani ya bodi, na Sigma hii nayo haina. Kwa mm 50 usishuke chini ya 1/80 kwa mkono. Kwa mm 18 unaweza kufika 1/30 ukiegemea ukuta.

Bahati yako ni kwamba lenzi zote mbili zinachukua filta ya mm 55, kwa hiyo filta moja inatosha. Ukinunua polaraiza, itumie Yamdrok kuondoa mng'ao juu ya maji, na jua liwe ubavuni kwako. Juu ya mita 4,000 mbingu yenyewe tayari ni ya buluu nzito kwa sababu hewa ni nyembamba na vumbi na mvuke ni kidogo. Ukiizungusha polaraiza hadi mwisho, mbingu inatoka karibu nyeusi, na kwa mm 18 utaona doa jeusi upande mmoja na weupe upande mwingine. Haisahihishiki kirahisi kwenye kompyuta. Zungusha nusu, au itoe.

Mwanga wa mchana huko ni mkali kuliko unavyozoea. Ukuta mweupe wa Potala ukipigwa na jua la saa 8 mchana (kwa mahali pale hiyo ndiyo saa ya utosini) unaungua kwenye picha huku vivuli vikiwa vyeusi. Piga faili ghafi (RAW), punguza mwangaza kwa 0.7 hadi 1, washa ile milia ya pundamilia uone kilichoungua. Upenyo f/5.6 hadi f/8. Kwenda f/16 ni kujipunguzia ukali wa picha bure kwenye sensa ya ukubwa huu.

---

Bint_Saadani

Kaka, lenzi umeshajibiwa vizuri. Mimi naongeza lile ulilouliza katikati, la kuletewa shida.

Mgeni hapati kibali cha Tibet peke yake. Anakipata kupitia wakala aliyesajiliwa, na jina la mwongoza watalii linaambatana na kundi. Kwa wewe mwanafunzi wataomba pia barua ya chuo pamoja na pasipoti na kibali cha ukaazi. Peleka mapema, wiki tatu kabla si nyingi. Kwa Rongbuk kuna kibali cha pili cha polisi na kile cha eneo la mpakani, wakala anavishughulikia. Karibu kila mwaka, kuanzia mwisho wa Februari hadi Machi kuisha, wageni hawapewi kibali kabisa kwa sababu ya kumbukumbu za maasi ya Lhasa ya tarehe 10 Machi 1959 na ghasia za 14 Machi 2008. Oktoba uko salama kwa hilo, ingawa vibali husitishwa wakati mwingine bila notisi ndefu, kwa hiyo usinunue tiketi usiyoweza kurudisha.

Nalitaja hili kwa sababu linaamua namna ya kupiga picha. Ukipiga kizuizi cha barabarani, anayeitwa pembeni ni mwongoza watalii. Leseni ni yake, familia yake iko palepale. Wewe utapanda ndege. Mwulize siku ya kwanza, mkiwa ndani ya gari, swali moja la wazi: "Wapi hutaki kuona kamera yangu imeinuliwa?" Atakwambia zaidi ya ukurasa wowote wa mtandaoni, na majibu yake yanabadilika kulingana na mwezi.

Visivyopigwa kwa vyovyote: askari, polisi na magari yao, vituo vya ukaguzi, kambi na mitambo ya mawasiliano, madaraja na midomo ya mahandaki yenye mlinzi, ya reli na ya barabara. Sheria ya China ya kulinda maeneo ya kijeshi inakataza, na sheria ya kupambana na ujasusi iliyofanyiwa marekebisho na kuanza kutumika 1 Julai 2023 imepanua maana ya kinachoweza kuhesabiwa ujasusi. Hapa ndipo lenzi ndefu inapokugeuka: kwa mm 350 ukipiga mlima, kile kibanda cha ulinzi kilicho chini yake ambacho macho yako hayakukiona kinatoka na namba zake. Kwa mm 18 kibanda hicho ni nukta. Kagua pembe za picha kabla ya kubonyeza, hasa karibu na mito.

Kamera ishuke chini mita 200 kabla ya kizuizi, izimwe, iingie begini na zipu ifungwe. Kamera iliyolala mapajani lenzi ikitazama dirishani inatosha kumpa askari sababu.

Kuingia Barkhor unapita kwenye ukaguzi wenye mashine ya mizigo. Viberiti vinaachwa hapo. Ulinzi wa eneo hilo ulikazwa sana baada ya watu wawili kujichoma moto karibu na Jokhang Mei 2012. Begi dogo lenye bodi moja na lenzi mbili linapita haraka. Begi la sehemu kumi lenye stendi linafunguliwa kila mara. Ndani, tembea kwa mwelekeo wa mkono wa saa kama mahujaji. Mpiga picha anayerudi kinyume ili apate nyuso anavunja ibada ya watu. Anayesujudu kwa kujilaza kifudifudi usimkatie njia wala usipige magoti mbele yake. Kaa pembeni, acha apite.

Mdahalo wa watawa wa Sera, nyumba ya watawa ya Lhasa, hufanyika mchana kuanzia saa 9, isipokuwa Jumapili. Mara nyingi simu inaruhusiwa na kamera inakatazwa. Ukikuta tangazo hilo, weka kamera begini ukae usikilize. Mazishi ya angani, yale ya maiti kuachiwa ndege, usiyakaribie kabisa, si kwa lenzi, si kwa simu. Kanuni za Tibet zinakataza na ni msiba wa watu.

Jambo la mwisho ni baada ya safari. A6400 haina GPS ndani, lakini inachukua mahali kutoka kwenye simu ukiiunganisha. Izime hiyo. Picha ya mtu mwenye sura wazi usiiweke mtandaoni pamoja na mtaa, tarehe na maneno aliyokwambia. Hata maneno ya kawaida. Na usibebe wala kumpa mtu yeyote picha ya Dalai Lama, hata iliyomo ndani ya simu au kitabu cha mwongozo, kwa kuwa atakayekutwa nayo ndiye atakayeulizwa.

---

Mwanapwani_Chengdu

Nashukuru sana wakuu, na dada Bint. 200-600 na droni nimeziondoa, 70-350 pia sitaiazima. Nabaki na 18-135 na Sigma.

Nina ya kuuliza kidogo. Treni: vioo havifunguki, kuna namna ya kupata picha safi? Pili, nina hadi diski ya nje ya 2TB ya kuhamishia picha, betri mbili na pawabanki. Inatosha? Na vumbi je?

---

fundi_vioo

Mkuu, hiyo diski ya nje kama ni ile yenye sahani inayozunguka, iache. Kichwa cha kusomea ndani yake huelea juu ya sahani kwa mto mwembamba wa hewa, na watengenezaji wengi wanaweka kikomo cha kuitumia kwenye mita 3,000 na kitu. Lhasa peke yake ni 3,650. Rongbuk hewa ina shinikizo la karibu nusu ya pwani. Kichwa kikigusa sahani, picha zote zimekwenda. Beba SSD, haina kinachozunguka. Au nunua tu kadi: siku 8 za faili ghafi za A6400, kama MB 25 kila moja, picha 400 kwa siku, ni GB 80. Kadi mbili za GB 128 zinabeba hilo na nafasi inabaki. Usitoe pesa kwa kadi za kasi ya juu za UHS-II, tundu la kamera hii ni UHS-I. Kadi ya siku zilizopita ikae mfukoni mwako, si begini pamoja na kamera.

Betri. NP-FW50 ni ndogo, 7.3 Wh, inakupa picha 400 hivi kwenye joto la kawaida. Usiku wa Oktoba Rongbuk unashuka chini ya sifuri kwa nyuzi kadhaa. Fikiria baridi ya Kibo Hut kule Kilimanjaro, mita 4,700, na wewe utakuwa juu ya hapo. Betri baridi inaonyesha asilimia 60 halafu kamera inazima. Haijaisha, kemikali ndani zimepungua kasi. Iweke ndani ya nguo karibu na mwili dakika 15 itarudi. Betri mbili ni chache, ziwe nne: moja kwenye kamera, mbili kifuani, moja chaji. Ukiwa unasubiri mwanga, zima kamera badala ya kuiacha ilale yenyewe.

Pawabanki: kama utaruka ndege sehemu yoyote ya ndani ya China, tangu 28 Juni 2025 inatakiwa iwe na alama ya 3C (ya usalama ya China) inayosomeka. Isiyo nayo inachukuliwa uwanjani. Ya 20,000 mAh ni 74 Wh, iko chini ya kikomo cha 100.

Treni. Umbali wa Xining hadi Lhasa ni km 1,956, saa 21 na zaidi, na pale reli inapovuka milima ya Tanggula ni mita 5,072. Kioo ni kizito cha tabaka. Hapo polaraiza itoe kabisa, maana kioo cha namna hiyo kina mkazo ndani yake na polaraiza inauonyesha kama mabaka ya upinde wa mvua katikati ya mbingu. Futa kioo upande wako kwa kitambaa chenye unyevu, chagua sehemu isiyo na mikwaruzo kwa nje. Vaa kofia ya lenzi ya mpira, igusishe kioo kidogo tu. Ukiibana sana, mtetemo wa behewa unaingia kwenye kamera. Kama huna mpira, koti jeusi lizungushe kuanzia kioo hadi lenzi. Piga kwa pembe ya moja kwa moja. Ukielekeza kimshazari unapata picha mbili za kitu kimoja, kwa sababu kioo kina tabaka. Fokasi iweke mbali, ya mkono, la sivyo kamera itashika uchafu wa kioo. Treni ikienda km 100 kwa saa, kwa 1/1000 umesogea sentimita 3, hazionekani kwenye kilima. Nguzo za karibu zitapita kama mistari, ziache zipite. Na kumbuka alichosema dada kuhusu madaraja. Reli hii ina walinzi njia nzima.

Vumbi. Bonde la mto Yarlung Tsangpo lina mchanga laini unaoruka mchana. Una lenzi mbili, hapo ndipo hatari ilipo, kila kubadilisha ni mlango wazi. Badilisha hotelini asubuhi, badilisha tena jioni kabla ya Barkhor, basi. Ukilazimika njiani: ndani ya gari, vioo vimefungwa, feni imezimwa, kamera imezimwa, mdomo wa bodi unatazama chini, lenzi ya pili imeshalegezwa kifuniko cha nyuma. Sekunde tano. Kila jioni piga mbingu au ukuta mweupe kwa f/16, fokasi ikiwa imeharibiwa makusudi, ukuze picha uone madoa. Yakionekana, tumia pampu ya mkono ya mpira, kamera ikitazama chini. Usipulize kwa mdomo.

Lenzi ya mbele ukiikuta na utando baada ya kukaa karibu na taa za siagi, huo ni mafuta na masizi. Pampu kwanza iondoe mchanga, kisha tone moja la pombe ya kusafishia kwenye kitambaa, si kwenye kioo, zungusha kutoka katikati kwenda nje. Ukifuta kwa shati, mchanga uliomo kwenye shati ndio utakaochora kioo.

Ukitoka baridi kuingia chumba chenye jiko na birika linachemka, kamera ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, iache saa nzima. Unyevu utatua kwenye plastiki badala ya kwenye lenzi. Toa kadi na betri kabla hujaufunga, ili usishawishike kuufungua.

---

Mwanapwani_Chengdu

Diski yangu ni ya sahani kweli. Asante mkuu, nanunua SSD kesho.

Dada Bint, moja la mwisho. Ikitokea askari akasema futa picha, nifanyeje hasa?

---

Bint_Saadani

Simama, kamera ishushe, usiendelee kubonyeza kitu. Mwite mwongoza watalii kwa sauti ya kawaida, yeye ndiye atakayezungumza. Usimkabidhi askari kamera kabla hajaitaka. Washa, bonyeza kitufe cha kuonyesha picha, mgeuzie kioo aone mwenyewe. Futa ile anayoonyesha kidole kwa kitufe chenye alama ya pipa, thibitisha, halafu mwonyeshe inayofuata na iliyotangulia ili aone hakuna nyingine. Kama ulipiga mfululizo, zimejikusanya kama kundi moja, kwa hiyo lifungue uonyeshe zote. Ndiyo maana mkiwa karibu na barabara weka kamera kwenye picha moja moja.

Usibishane kuhusu sheria. Usiseme ni kwa ajili ya mtandao. Ukifika hotelini usijaribu kuzirudisha kwa programu ya kuokoa faili. Kama mizigo itakaguliwa tena njiani, picha iliyofutwa mbele ya askari kisha ikaonekana kwenye kompyuta itamgharimu mwongoza watalii wako kuliko ilivyokuwa mwanzo. Na kadi ya siku zilizopita ikiwa mfukoni kama alivyosema fundi, picha zako nyingine zimebaki salama.